Kiti Nilichokipima kwa Miguu Yangu

Feza, binti yangu, mama yangu,

Habari za chandarua, za dawa ya homa, za maji ya kuchemsha na za kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako kwenye treni, shangazi yako amekwisha kukuambia tangu asubuhi, na nimekusikia ukicheka huko uani. Sina la kuongeza. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kamba, na kila anayepita analigusa kidogo kama mtoto aliyelala. Mimi nimeomba meza isogezwe dirishani, nikasema nataka kupumzika nikitazama ziwa. Niliwadanganya. Nataka kuandika wakati jua bado liko juu, kwa sababu macho yangu yanaondoka mapema kuliko mimi, na mkono huu siku hizi ukiandika mstari mmoja unaomba ruhusa kabla ya kuandika wa pili.

Kesho unakwenda Kongolo kuendesha kamyoneti ya masista. Watu wa mtaa wamesema mengi, umeyasikia. "Mutoto wa Mwalimu anaenda kuwa shoferi, sasa mabwana watafanya kazi gani?" Nami nilipowasikia nilitaka kuinuka niwaambie kwamba najivuna. Miguu haikuinuka, mdomo nao haukuinuka. Kwa hiyo unaondoka ukidhani ninaona haya.

Najua siku ulipoanza kudhani hivyo. Ni siku ile ulipokuwa ukijifunza katika gari la jirani. Uliketi, ukanyoosha mguu, ukaona pedali iko mbali. Ukashuka, ukachukua kitenge, ukakikunja kikawa kinene, ukakiweka nyuma ya mgongo wako. Mimi nilikuwa barazani. Nikapiga kelele ambayo sikujua kama kifua changu bado kinayo: "Toka! Toka humo ndani!" Ulishuka ukiwa na machozi. Jioni ukamwambia shangazi yako, "Papa hapendi mutoto mwanamuke aendeshe." Nilikusikia, nikanyamaza. Ukweli ni kwamba sikuona mtoto wangu ndani ya gari lile. Nilimwona mjomba wako.

Jina lake halisemwi katika nyumba hii. Leo naliandika: Sangwa. Mdogo wake mama yako, walizaliwa tumbo moja kule Mpala. Umekua ukijua jambo moja tu juu yake, kwamba alikuwa amekunywa pombe ya lutuku, akaliangusha gari, mama yako akafa. Soma polepole, mama. Sijui nitaweza kuandika mara mbili.

Nilipopata kamyoneti yetu ilikuwa imechoka. Ilikuwa na kiti kimoja kirefu, cha kukaa watu watatu, na chini yake zilikuwapo reli mbili za chuma ambazo kiti kingeweza kuteleza juu yake kwenda mbele au nyuma, kufuata miguu ya anayeendesha. Maji ya chumvi ya samaki yalikuwa yamezila reli zile mpaka zikawa kama mkate mkavu. Nikazikata, nikazitupa. Nikaamua kukifunga kiti moja kwa moja kwenye sakafu kwa bolti.

Wewe hukuniona nikiwa na nguvu. Nilikuwa mrefu, miguu yangu ilikuwa mirefu kuliko ya watu wengi wa hapa ziwani, na nilipokaa katika magari ya wengine magoti yangu yaligonga usukani. Kwa hiyo siku ile niliketi vizuri, nikaegemea, nikakanyaga pedali zote tatu mpaka mwisho: ya kushoto ya ambreyaji inayokanyagwa wakati wa kubadilisha gia, ya katikati ya freni, ya kulia ya mafuta. Nikasukuma kiti nyuma mpaka nikasikia raha. Nikachora kwa chaki. Nikatoboa. Nikakaza.

Nilikuwa mwalimu wa ufundi, Feza. Nilikuwa nikiwafundisha vijana nguvu za mtaimbo, urefu wa mkono wa chuma, mahali mguu unapopoteza nguvu. Nilijua kwamba kiti ni sehemu ya freni. Na nilijua pia kwamba mimi nitaendesha gari lile Jumapili tu, kwenda misa na kutembelea watu, na siku nyingine zote litaendeshwa na Sangwa, kuleta samaki wadogo wa ndakala na unga kutoka Mpala. Sangwa alikuwa mfupi kama mama yako. Mfupi kama wewe. Nilipima kiti cha mtu wa Jumapili.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu ni dogo mpaka linatia aibu. Gari lilikuwa langu.

Ungemwona Sangwa akiendesha. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyealikwa asipotakiwa. Mgongo wake haukugusa kitu. Kila shimo la barabara lilipanda moja kwa moja kwenye uti wake. Akitaka kukanyaga ambreyaji mpaka chini, ilimbidi ateleze kiuno kizima upande wa kushoto, na mikono ikaufuata mwili, na usukani ukaifuata mikono. Watu wa soko la Mpala walikuwa wakimngoja wamcheke.

"Sangwa, uko unaendesha ao uko unapiga kinanda?"

"Napiga kinanda," alikuwa akijibu. "Leteni sadaka."

"Hata kichwa chako hatukione! Tulifikiri motokari inakuja yenyewe."

"Hii motokari njo ya twiga. Mimi naichunga tu, mwenyewe iko Kalemie anafundisha."

Alicheka nao. Lakini jioni, alipofika nyumbani na kuzima injini, hakushuka mara moja. Alikaa kwanza. Kisha akaufungua mlango, akaushika kwa mikono miwili, akateremsha mguu mmoja, akangoja. Mama yako alikuwa akimpashia maji ya moto na chumvi amkande kiuno. Usiku alilala sakafuni kwa sababu kitanda kilimuumiza. Mimi nilikuwa mezani nikisahihisha kazi za wanafunzi, mlango wazi, nikiyaona yote hayo.

Siku moja alikuja kuniomba. Alikuja na maneno yake ameyapanga, nikaona.

"Shemeji, hiki kiti tukisogeze kidogo mbele. Mashimo ine tu kwenye sakafu. Nitatoboa mimi mwenyewe."

"Ukitoboa sakafu maji yataingia, itaoza."

"Basi tuweke reli zingine. Iko motokari moja imekufa pale karibu na stesheni, reli zake ziko nzima."

"Na Jumapili mimi nitakaa wapi? Magoti yangu niyatie mfukoni?"

Alicheka, kwa sababu ilimpasa acheke. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, inaniumiza."

Nikamjibu, "Utazoea."

Mama yako alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mimi namuona anazoea kuumia. Gari hajazoea." Nikamwambia hayo ni mambo ya mafundi. Nililisema neno hilo, mafundi, kama mtu anayefunga mlango.

Nililelewa nikiambiwa kwamba raha humharibu mwanaume. Kule shuleni kwa mapadri tulipiga magoti juu ya changarawe, na aliyesogea aliongezewa muda. Nikatoka pale nikiwa na elimu nzuri na wazo moja baya: kwamba anayesema "inaniumiza" anaomba upendeleo. Imenichukua umri wote kuelewa kwamba mara nyingi anakupa habari.

Hata hivyo sikutaka kuonekana mtu asiye na huruma. Nikatafuta njia ya katikati, na hii njia ya katikati ndiyo iliyotuua. Nilichukua mti wa mukula, nikachonga vibao viwili vinene, kimoja cha ambreyaji na kimoja cha freni, nikavifunga juu ya pedali kwa ukanda wa mpira wa gurudumu. Miguu haifiki kwenye pedali? Basi pedali itaifuata miguu. Shoferi wengi wafupi walifanya hivyo, utawaona hata Kongolo. Pedali ya mafuta niliiacha bila kibao. Kwa hiyo freni ikawa juu sana na mafuta yakawa chini, na mguu uliotakiwa kugeuka tu juu ya kisigino ulilazimika kuinuka na kurudi. Sangwa alijaribu, akaniambia, "Mguu unapanda ngazi, shemeji." Lakini alishukuru. Alinishukuru, Feza, mbele ya mama yako.

Na kila Jumapili nilivifungua. Vilipokuwapo magoti yangu yalipanda mpaka kwenye usukani, sikuweza kuendesha. Jumapili asubuhi nilifungua ukanda, nikaweka vibao nyuma ya kiti. Jumapili mchana, baada ya misa, nilivirudisha ili Sangwa avikute Jumatatu. Jirani yetu mmoja alikuwa akisema, "Mwalimu, motokari yako nayo inavua viatu siku ya Bwana." Tulizoea hivyo. Lilikuwa jambo la kuchekesha la nyumba yetu, kama nyumba nyingine zina jogoo anayewika mchana.

Jumapili ninayotaka kukueleza, nilikuwa nimevaa suti ya abakosti mpya, rangi ya majivu, imeshonwa na fundi wa hapa mjini. Tulirudi misa tukiwa na wageni. Walikuwa wamekwisha kukaa ndani, wali umeiva, na mimi nikakumbuka vibao. Nikainama mlangoni mwa gari. Cha ambreyaji nilikifunga vizuri. Cha freni, ukanda wake ulikuwa umepasuka ukingoni. Ulihitaji kukatwa mwingine. Ili kuufunga vizuri ilikuwa lazima nilale chali sakafuni, kichwa chini ya usukani, kwenye grisi na magamba ya samaki. Nikatazama mikono ya abakosti. Nikauzungusha ule ukanda mbovu mara moja, nikaichomeka ncha yake, nikajiambia, kesho mapema nitafunga upya.

Jumatatu mapema mama yako alikuwa amekwisha kufungasha. Bibi yako kule Mpala alikuwa mgonjwa, mama yako akataka kwenda kumwona na kurudi na Sangwa. Wewe ulibaki na shangazi kwa sababu ulikuwa na kikohozi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, mbele ya kipande cha kioo, nanyoa ndevu. Sangwa akaita kutoka njiani:

"Shemeji! Vibao ulirudisha?"

"Nilirudisha!"

Ilikuwa kweli. Nilirudisha. Sikusema nilirudisha vipi. Sabuni ilikuwa usoni, wembe mkononi, shule ilikuwa ikiningoja, na niliona haya kusema mbele ya mke wangu kwamba sikutaka kuchafua nguo. Nikasikia gari likiondoka. Mama yako hakuniaga kwa maneno, alipiga bati la mlango kwa kiganja, kama alivyozoea.

Habari ililetwa na lori la watu wa mihogo. Nilipanda lori lilelile kurudi nalo. Mahali pale barabara inateremka kuelekea kijito, na kabla ya daraja la miti kuna kona. Gari lilikuwa limepita kona likaenda moja kwa moja kwenye mawe. Mama yako walikuwa wamemlaza kivulini, wamemfunika kanga yake mwenyewe. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Uso wake haukuwa umeumia. Umeniuliza hilo mara nyingi ulipokuwa mdogo, na hilo nilikujibu kweli.

Sangwa alikuwa ameketi kando ya barabara, mkono umevunjika, damu imemkauka shingoni. Aliponiona alifungua mdomo. Mimi nilimpita. Nilikwenda kwenye gari, nikafungua mlango, nikainama. Kibao cha freni kilikuwa kimesimama wima kati ya pedali na sakafu, kimekazwa pale kama nguzo. Ukanda ulikuwa umefunguka, kibao kikageuka, kikaangukia chini ya pedali, na kila Sangwa alipokanyaga ili asimamishe gari, alikuwa anakanyaga mti unaosukuma sakafu. Mtu mwenye mgongo kwenye kiti angeweza kukivuta kwa mguu mwingine, labda. Mtu anayeninginia kwenye ukingo hawezi.

Nikakichomoa. Nikakitia ndani ya koti. Nikageuka, na Sangwa alikuwa ananitazama.

Njiani kurudi, juu ya daraja la Lukuga, nilikitupa majini.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki matanga. Ukoo wa mama yako ulikuja wote, na unajua kwetu upande wa mama ndio wenye mtoto. Walikuwa wamesikia habari ya lutuku. Sijui nani aliianzisha, labda kwa sababu shoferi akianguka watu hawatafuti mbali. Mzee wao, mjomba mkubwa wa mama yako, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Papa Mwalimu, weye njo unajua mambo ya machini. Motokari ilikuwa na kosa?"

Sangwa alikuwa ameketi chini, mkono kwenye bandeji, ananitazama vilevile.

Nikasema, "Gari halikuwa na kosa."

Nilisema kwa sauti niliyotumia darasani. Wakaniamini. Wazee wakasema basi kosa ni la mtu. Wakamwuliza Sangwa kama ana neno. Akatazama chini, akasema, "Sina." Siku ile hakupewa chakula pamoja na wengine. Siku ya kumaliza matanga wazee waliagiza watoto wa marehemu wasiwekwe mikononi mwake. Mtoto wa marehemu alikuwa mmoja tu, wewe. Akaondoka kwenda Nyunzu, kulima. Hajaendesha gari tena.

Nataka uone nilichokuondolea, maana umekua bila kukijua. Msichana wa kwetu akiondoka nyumbani, ni mjomba anayeweka mkono kichwani mwake. Baba anaweza kutoa sanduku, nauli, mashauri. Njia inafunguliwa na mjomba. Ulipopata komunyo ya kwanza hakuwapo. Ulipomaliza shule hakuwapo. Ulipougua mpaka shangazi akaanza kulia, mtu alikuja kutoka kwenye treni akaleta kuku na mizizi ya dawa, akasema, "Vimetoka Nyunzu." Nikamwambia avirudishe. Ulikuwa na miaka michache, ukaniuliza, "Mujomba alikuwa amelewa?" Nikakuambia, "Lala." Ukalala. Neno hilo moja nimeliona likikua ndani yako mpaka likawa chuki, nami nikaiacha ikue kwa sababu ilikuwa inanilinda.

Mwaka jana, kifua kilipoanza kujaa na daktari akanyamaza namna ile ya madaktari, nilipanda treni. Nilikuambia ninakwenda Kabalo kwa rafiki. Nilishuka Nyunzu. Nilimkuta anapura mahindi. Amezeeka kuliko mimi, anatembea ameinama upande mmoja, kiuno hakikupona. Alinitolea kiti, yeye akakaa juu ya gunia. Nikamwambia yote, abakosti, ukanda, wembe, kibao. Alikuwa ananisikiliza huku akitoa punje za mahindi kwa kidole gumba.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Uliniona nikikitoa."

"Nilijua mbele ya kukuona. Mguu njo unajua kwanza. Nilikanyaga, nikasikia kama nimekanyaga jiwe. Nikavuta freni ya mukono, haikutosha. Nikamwambia Yaya, shika." Yaya, dada yake, mama yako. Akachukua hindi jingine. "Na mimi ningeinama asubuhi niangalie. Sikuinama. Kuinama ilikuwa inaniuma, na weye ulisema ulirudisha."

Nikamwuliza kwa nini hakusema neno kwenye matanga.

"Mbele ya mwalimu? Mimi njo nilikuwa kwenye usukani. Nani angesadiki?" Kisha akaacha mahindi. "Na kama wangesadiki, wangekufukuza weye. Mutoto alikuwa amebakia na muntu mumoja. Nikahesabu nikaona mwenye nyumba na kazi ni weye. Shemeji, usifikiri nilikusamehe. Nilinyamaza kwa ajili ya mutoto. Haikukuhusu."

Nikaanza kumwomba radhi, nikapiga magoti, mzee mzima, kwenye maganda ya mahindi. Akanizuia.

"Mimi usiniambie. Mimi najua. Feza anajua?"

"Bado."

"Basi umetembea bure."

Akanipa mahindi ya njiani. Hayo mahindi mliyala, mkasema ni matamu.

Toka siku hiyo mpaka leo nimekuwa nikitafuta siku nzuri ya kukuambia. Siku nzuri haipo, nilikuwa naahirisha tu. Ndipo ikaja barua ya masista, na wewe ukaanza kujifunza kuendesha, na nikakuona umekaa kwenye ukingo wa kiti na kitenge mgongoni.

Kwa hiyo ni juu ya gari kwanza, mengine baadaye, maana kesho kutwa utakuwa ndani yake. Ukifika, kabla hawajakuonyesha chumba, omba kukaa ndani ya ile kamyoneti, injini imezimwa. Egemea mpaka mgongo wote uguse. Kanyaga ambreyaji na freni mpaka mwisho kwa unyayo mzima, si kwa vidole, na goti libaki limepinda kidogo. Hamisha mguu kutoka mafuta kwenda freni, uone kama kisigino kinabaki chini. Kitu kikikataa, kiti kisogezwe, hata kama ni lazima sakafu itobolewe, hata kama Mama Mkubwa wa masista atasema aliyekutangulia hakulalamika. Usikubali vibao. Usiwe mgeni mwenye adabu ndani ya gari. Na ukikaa vizuri usione haya kwamba uko vizuri. Mtu anayeumia anatazama maumivu yake. Asiyeumia anatazama barabara. Nililijua hilo nikiwa kijana, nikalifundisha ubaoni, nikamnyima mtu aliyekuwa anakula mezani kwangu.

Na uinamie sakafu kila asubuhi, uangalie kwa macho yako. Hata kama anayekuambia kwamba gari liko sawa ni mimi.

Kesho asubuhi ukoo wa mama yako wanakuja kukuaga. Wale wazee waliobaki wa matanga yale watakuwapo. Nimewaomba kwa majina, na wengine watabebwa kwa baiskeli. Wanadhani nimewaita wakubariki. Kabla ya baraka nitasema neno nililolisema vibaya siku ile. Nitasema gari lilikuwa na kosa, na kosa lilitoka mikononi mwangu. Watafanya watakavyofanya. Naogopa, nisikudanganye. Lakini sikutaka ulisikie kwa mara ya kwanza umesimama katikati yao, na sanduku mkononi.

Treni itasimama Nyunzu. Sitakuambia ushuke, na sitakuambia utume salamu zangu. Mjomba wako si kazi ninayokuachia umalizie. Nimemtumia habari kwamba unapita, kwa sababu ana haki ya kujua. Kama atakuwa pale, atakuwa mzee mfupi anayeinama upande mmoja. Kama utataka mkono wake kichwani mwako, ni wako, ulikuwa wako tangu mwanzo. Kama hutaweza, hata hilo nimelifanya mimi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya nguo zako, uikute mkiwa mmekwisha kupita Kabalo. Nilikuwa nimekwisha kuikunja hivyo kichwani. Ungeisoma peke yako kati ya watu wasiokujua, na mimi ningekuwa hapa dirishani, salama, kama siku ile nilipokuwa nanyoa ndevu. Nimeona ni njia ileile. Kwa hiyo nimemwambia shangazi yako akuite, akuletee kiti, atuache. Nitakupa kwa mkono wangu, nami sitatoka.

Sina mstari mwingine. Niko mbele yako, Feza. Inua uso uniulize.

Papa yako